Ndevu za mwanamke: namna ya kupaka krem ya eflornithine, na mambo ya kufanya kabla hujaipaka

Bayaya na badogo, hii maneno tunaongeaga chinichini, saluni mlango ukishafungwa, ama mu mesaji saa sita ya usiku, na kila mara najibu mtu mumoja mumoja, njo maana leo naandika yote hapa kwa urefu.

Mimi niko Lubumbashi. Ndevu zilinianza na miaka 19, tatu chini ya kidevu upande wa kushoto, ngumu kama nywele za brosi. Nikawa naziondoa na pense asubuhi mapema, nimesimama karibu na dirisha, juu mwanga wa pale hauachi kitu, kisha mu taxi-bus ya kuenda mjini kidole kinajipeleka chenyewe kidevuni kupapasa kama kuna ingine imerudi. Mwenye amepitia anaelewa. Tantine yangu alikuwa ananiambia mwanamke mwenye ndevu iko na bahati ya pesa, niziache. Na kama wewe unazipenda, ziache kweli, hakuna mtu wa kukulazimisha. Hii mwongozo ni ya yule zinamnyima usingizi.

Kwanza ukamate hii kichwani, juu wengi wanaanguka hapa: krem ya eflornithine haing'oi nywele, haiyeyushi, haikati. Inachelewesha. Ndani ya mzizi wa nywele kuna kimeng'enya kimoja ambacho seli zinakitumia ili ziongezeke, na krem inakifunga, basi nywele inakua polepole, inatoka nyembamba na laini zaidi. Ndevu zenye tayari ziko nje hazitaguswa, hizo utaziondoa wewe mwenyewe. Ukinunua ukifikiri utaamka asubuhi kidevu kimekuwa kitupu, utaitupa wiki ya tatu na utalia pesa yako.

Na hii dawa iko na historia ambayo sisi Wakongomani tunapaswa kuijua. Ilitengenezwa ili ipambane na kansa, kwa kansa haikufanya mengi, lakini kwa ugonjwa wa malale ilifanya maajabu, watu waliokuwa wamelala hawajitambui waliamka, mpaka ikaitwa dawa ya ufufuo. Mwaka 1990 Marekani ikaikubali kwa malale. Kabla yake watu wa malale iliyofika kichwani walikuwa wanachomwa melarsoprol, dawa yenye arseniki ndani, iliyokuwa inaua karibu mgonjwa 1 kwa kila 20. Lakini wagonjwa wa malale ni watu wa vijijini, na Congo yetu njo yenye wagonjwa wengi kupita inchi zote, watu wasio na pesa, basi mu miaka ya 1990 utengenezaji ukasimama juu hailipi. Mwaka 2000 ikaidhinishwa kama krem ya ndevu za wanawake, ikaanza kutengenezwa tena, na 2001 Shirika la Afya Duniani likafikia makubaliano na kampuni ili ile ya sindano itolewe bure kwa wagonjwa wa malale. Kila nikifungua tube yangu nafikiria ba mama wa Bandundu waliosubiri dawa ambayo ilirudi juu ya kidevu cha mtu wa mbali. Inaniuma, na siachi kuisema.

Sasa tuingie kazini.

Hatua ya kwanza: ujue zinatoka wapi

Usianze na farmasi. Anza na kujiuliza. Nywele laini laini za mashavuni karibu kila mwanamke iko nazo, hizo si ugonjwa. Tunaongelea nywele ngumu, nyeusi, ndefu, mu sehemu za kiume: mdomo wa juu, kidevu, kifua, tumbo chini ya kitovu, mgongo, mapaja. Kwa wanawake 100 wa umri wa kuzaa, kati ya 5 na 10 wako nazo, kwa hiyo hauko peke yako hata kidogo, tunajifichaga tu vizuri. Waganga wako na namna ya kuhesabu waliyoiacha Ferriman na Gallwey mwaka 1961, siku hizi wanaangalia sehemu 9 za mwili, kila sehemu wanaipa 0 mpaka 4, ikifika 8 kuenda juu kwa kawaida wanasema nywele zimezidi. Unaweza kumuomba munganga akuhesabie, si kipimo cha damu, ni macho tu.

Kwa wanawake 7 mpaka 8 kati ya 10 wenye hii shida, chanzo ni ovari polikistiki, ile waganga wetu wanaandika SOPK kwenye karatasi. Dalili zake ni period inayokuja inavyotaka, leo siku 28, mwezi mwingine 50, chunusi zisizoisha, uzito unaopanda, mimba inayochelewa. Mimi nilikuwa na period mara tano mu mwaka na nikaona ni baraka juu sinunui pedi! Nilipaswa kuenda kupima miaka mingi mbele. Muombe munganga egzame za testosteroni, 17-hidroksiprojesteroni (hii wanaichukua asubuhi, mu siku za mwanzo za period), prolaktini, TSH ya tezi, sukari, na ekografi ya tumbo la chini. Kama pesa haitoshi kwa yote, mwambie waziwazi akuchagulie za kuanza nazo, usione haya.

Kuna mambo yakitokea usipoteze hata siku moja kutafuta krem, enda lopitalo: nywele zimelipuka ndani ya miezi michache tu, sauti inakuwa nzito, nywele za mbele za kichwa zinaisha sawa za mwanaume, kisimi kinaongezeka ukubwa, period imekatika miezi mitatu na huna mimba, ama ndevu zimeanza baada ya kukoma hedhi. Hiyo inaweza kuwa uvimbe mu ovari ama mu tezi iliyo juu ya figo, na hapo krem ya uso itakupotezea muda tu.

Uliza pia dawa unazomeza. Phenytoin ya kifafa, ciclosporin, minoxidil, danazol, zote zinaweza kuleta nywele. Usiiache dawa ya kifafa wewe mwenyewe, tafadhali sana, ongea na aliyekuandikia.

Hatua ya pili: angalia unachopaka tayari

Hapa nitakaa kidogo, juu hapa kwetu njo pale shida ya wengi inapotokea na hakuna anayewaambia.

Chukua tube na vikopo vyote vya mafuta ya kung'arisha uso, vile vya soko ya Kenya, vya soko ya Mzee, vile unachanganyiwa mu kopo bila jina. Geuza, soma yale maandishi madogo. Ukiona clobetasol, betamethasone ama fluocinonide, hiyo ni kortizoni ya nguvu, dawa ya ugonjwa wa ngozi, haikutengenezwa ipakwe usoni kila siku miaka na miaka. Inafanya ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinatoka, na inaotesha nywele. Nimekaa na dada mmoja nyuma ya nyumba, mwanga wa saa kumi unampiga mashavuni, naona kabisa vinyweleo vinalala kama manyoya ya kifaranga kutoka sikioni mpaka kidevuni, na yeye alikuwa anazidisha kupaka ili afiche chunusi ambazo ile krem yenyewe njo inazileta. Ile iliyochanganywa bila jina ni mbaya zaidi, juu hujui nini iko ndani na kiasi gani.

Lakini usiitupe leo yote kwa mara moja kama umeipaka miaka. Ngozi iliyozoea kortizoni ikinyimwa ghafla inawaka, inakuwa nyekundu, inachoma, na mtu anakimbilia kuipaka tena. Muone munganga wa ngozi akupangie namna ya kupunguza. Kisha ngozi ikishatulia, unaweza kukuta nywele nyingi zinapungua peke yake na hata huhitaji eflornithine. Ungeokoa pesa mingi.

Hatua ya tatu: kupata tube yenyewe

Mimi nilizunguka farmasi za mjini siku mbili nikakosa, nikarudi kwa ndugu yangu aliyeko Ulaya akanipatia ya kwanza. Usinunue kwa mtu wa mu barabara. Muulize mwenye farmasi unayemwamini kama anaweza kuagiza, na uende na ordonansi, juu kule inakotoka inatolewa kwa ordonansi.

Mu tube kunaandikwaga 11,5% ama 13,9%. Usichanganyikiwe na usikubali mtu akuuzie ile ya 13,9 kwa bei ya juu akisema ni kali zaidi. Nguvu ni ileile, moja wanahesabu dawa peke yake, ingine wanahesabu na chumvi yake. Angalia jina Vaniqa ama eflornithine, tarehe ya kuisha, tube iwe imefungwa, na karatasi ya maelezo iko ndani ya kiboksi.

Usiitumie kama uko na mimba, unatafuta mimba ama unanyonyesha. Mtoto chini ya miaka 12, hapana. Mwenye figo mbaya aongee na munganga wake kwanza. Kupitia ngozi inaingia kidogo sana mwilini, chini ya 1%, lakini figo njo zinaitoa, kwa hiyo iheshimu.

Na usitarajie mengi kupita ukweli wake. Mu majaribio, baada ya wiki 24, wanawake 32 kati ya 100 walipata nafuu kubwa, wale waliopaka krem isiyo na dawa walikuwa 8. Wengine walipata nafuu ndogo, wengine hakuna. Wanawake weupe ilisaidia zaidi kuliko sisi. Nakuambia hii kabla hujatoa dola zako, si baada.

Hatua ya ine: jaribu padogo

Paka kidogo chini ya taya, karibu na sikio, mahali padogo kama kifuniko cha chupa, asubuhi na usiku, siku mbili. Ikichoma kidogo dakika chache kisha inapita, ni kawaida. Ikivimba, ikitoa malengelenge, ikiwasha mpaka unajikuna, acha.

Hatua ya tano: ondoa nywele bila kuumiza ngozi

Nywele zetu zimejikunja. Ukiing'oa ama ukiinyoa karibu sana, ile inayorudi inapinda inaingia tena ndani ya ngozi, panatoka kipele, kipele kinaacha doa jeusi, na doa linakaa kuliko ndevu yenyewe. Madoa yangu ya pense yamekaa miaka miwili. Kwa mwenye ngozi ya kovu nene, ile inayovimba kama kamba, ni hatari zaidi.

Kwa hiyo mimi nimeacha pense. Natumia mashine ndogo ya kukata, ile ya pile moja, inaacha kama milimita moja na haikwaruzi. Kama huna, jilete mpya ya wembe mmoja inatosha: lowesha kitambaa safi na maji ya moto ya kuvumilika, kamulia, weka kidevuni dakika tano, sabuni ya povu, kisha nyoa kuelekea kule nywele inalalia, usirudie rudie palepale, usivute ngozi. Maji ya robine yakikatika, maji safi ya bido yanafaa, muhimu ni yawe safi na jilete isiwe ya mtu mwingine, hata ya mume wako.

Na hapana, kunyoa hakuongezi ndevu. Mwaka 1928 Mildred Trotter wa Marekani alipima nywele za kunyolewa, hakukuta zinakuwa nene wala zinakua haraka. Inaonekana nene juu jilete imeikata bapa katikati, wakati nywele isiyokatwa iko na ncha nyembamba. Hii hofu imefanya wanawake wangapi waendelee kujing'oa mpaka damu!

Krem za kuyeyusha nywele, zile zenye thioglycolate na harufu ya yai bovu, zinafaa kwa wengine, lakini uchague ile imeandikwa ya uso, ujaribu kwanza siku moja mbele, na uangalie saa, zile dakika za kwenye karatasi usizizidishe hata kama nywele bado iko. Dekolorasyon ya kufanya nywele iwe ya njano, kwa ngozi nyeusi inaonekana zaidi badala ya kujificha, mimi siishauri.

Na sasa hii niseme kwa nguvu. Defrizan ya kichwa, ile ya kunyoosha nywele, isiguse kidevu. Rafiki yangu walimpaka saluni, wakamwambia ni dakika mbili tu ndevu zinalainika zinatoka na kitambaa. Mu defrizan nyingi kuna soda kali, hidroksidi ya sodiamu. Nilimuona siku ile jioni: kidevu kimekuwa chekundu kinatoa maji, anashika kitambaa cha baridi na hawezi kuongea vizuri juu midomo inavutika. Mpaka leo iko na alama kama ramani, kutoka pembe ya mdomo mpaka shingoni. Ikikutokea, osha na maji mengi ya kutiririka, dakika 20 kamili, kisha lopitalo. Usipake dawa ya meno, usipake mafuta.

Ndimu usoni na kutoka juani ni kujichoma pia. Manjano inapaka rangi tu.

Hatua ya sita: kupaka kila siku

Mimi nafanya hivi. Nanyoa usiku, si asubuhi, juu asubuhi niko na haraka na haraka njo inakwaruza. Karatasi inasema baada ya kuondoa nywele usubiri angalau dakika 5, mimi nasubiri nusu saa, ngozi yangu iko hivyo. Uso uwe umeoshwa na sabuni laini, umekauka kwa kukandamiza taulo, si kusugua.

Chukua krem kidogo, kwa kidevu ni kama punje moja ya muhindi, kwa mdomo wa juu nusu yake. Tandaza nyembamba, sugua polepole mpaka hauoni weupe tena. Uso na chini ya kidevu tu, hairuhusiwi kifua wala tumbo. Iweke mbali na macho, pua na ndani ya mdomo, na usipake juu ya kidonda. Nawa mikono.

Mara mbili kwa siku, na kati ya mara moja na ingine kuwe angalau saa 8. Mimi napaka asubuhi saa kumi na mbili na nusu na usiku saa mbili. Kisha, na hapa njo wengi wanaharibu, usioshe ile sehemu kwa saa 4. Ukipaka saa kumi na mbili na nusu na unaoga saa moja umemwaga pesa mu beseni. Oga kwanza, paka baadaye. Hata kule kujipangusa jasho na kitambaa mu taxi-bus, jizuie kidogo. Makiyaji na krem ya jua vinakuja baada ya dakika 5, ikishakauka. Na krem ya jua uiweke, kinga 30 kuenda juu, juu jua letu la Septemba na Oktoba linakaza madoa yote ambayo vipele viliacha.

Umesahau mara moja? Paka ukikumbuka, kisha hesabu saa 8. Usiongeze mara mbili ili ufidie. Mu mwezi mzima usipite gramu 30.

Hatua ya saba: kusubiri, na kuandika

Siku ya kwanza piga foto ya kidevu, dirisha lilelile, saa ileile, bila makiyaji. Rudia kila baada ya wiki mbili. Mu kadaftari andika tarehe kila mara unanyoa, njo kipimo cha kweli, macho yanadanganya juu unajiona kila siku.

Wiki mbili za kwanza hautaona kitu. Usimuulize mtu, usijikague kila saa. Kati ya wiki ya ine na ya nane njo inaanza. Kadaftari kangu kanasema: mwezi wa kwanza nilinyoa kila siku mbili, mwezi wa tatu kila siku tano, na nywele iliyokuwa inachoma kidole imekuwa laini. Hakuna muujiza, lakini kutoka siku mbili mpaka siku tano, mtu asiyejua hawezi kuelewa ni uhuru wa namna gani, kulala kwa dada yako usiku mbili bila kubeba jilete kwenye sutiani.

Miezi 4 ikiisha umefuata yote na kadaftari hakaonyeshi kitu, acha. Haitafanya kazi kwako, tube ya tano haitabadilisha. Na ikifanya kazi, ujue ukiacha kupaka ndevu zinarudi kama zilivyokuwa ndani ya wiki 8 hivi. Hazirudi mbaya kuliko mwanzo, zinarudi tu.

Ikileta chunusi, ikichoma, ikikausha ngozi, shuka kwenye mara moja kwa siku, usiku. Ikitulia rudi mara mbili. Isipotulia, acha na umuone munganga. Vipele vya nywele kujikunja vikizidi, simamisha kunyoa siku chache kwanza, mara nyingi kosa ni la jilete.

Kama chanzo ni homoni, krem peke yake haitoshi

Krem inafanya kazi kwenye ngozi tu, homoni inabaki ileile. Mwenye SOPK munganga anaweza kumpa vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni mbili, vinarudisha period na vinapunguza homoni za kiume. Mwambie ukweli kama uko na tansio ya juu, unavuta sigara, ama uliwahi kupata damu kuganda mguuni, juu hapo vinaweza kukudhuru. Kuna pia spironolactone, ni dawa ya tansio ambayo inazuia homoni za kiume, lakini hiyo ni lazima uwe na njia ya kuzuia mimba ya uhakika, inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Vyote viwili uvipe miezi 6 kabla ya kusema havifanyi, nywele iko na mzunguko wake. Metformin inasaidia sukari na period, kwa ndevu ni kidogo sana. Kupunguza uzito, hata 5% tu kwa mwenye uzito umezidi, kunaweza kurudisha period.

Lezeri inapunguza kwa muda mrefu, na ikiendana na eflornithine matokeo ni mazuri kuliko lezeri peke yake. Lakini kwa ngozi yetu uulize mashine gani: iwe Nd:YAG, nanomita 1064. Zingine zinaweza kuchoma ngozi nyeusi na kuacha madoa. Kama mwenye mashine hajui kukujibu hilo swali, vaa viatu vyako uondoke. Ile ya sindano ya umeme, nywele moja moja, inamaliza kabisa na inafaa rangi zote, ila ni ndefu, inauma, na mwenye kovu nene asiikaribie.

Mwisho ni kuhifadhi. Tube inataka isipite digrii 25, na Oktoba hapa kwetu nyumba ya bati inapita hapo saa tano ya asubuhi tu. Usiiache mu sakoshi ndani ya gari, usiiweke mu konjelatere pia, isigande. Mimi naifunga mu karatasi yake, naiweka mu chungu cha udongo kisicho na maji, chini ya kitanda, upande jua haifiki, na juu ya kiboksi nimeandika na biki siku niliyoifungua.